Uzi: Matembezi ya mawe na visukuku ufukweni Malindi. Nani yuko tayari twende kikundi?

BintiSabaki (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitembea peke yangu ufukweni, kutoka kwenye mnara wa Vasco da Gama hadi Casuarina, na siku nyengine navuka daraja la Sabaki mpaka Mambrui. Macho chini, mkoba begani. Watu huniuliza nimepoteza nini. Sijapoteza kitu, natazama mawe na visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe. Sasa naona wakati umefika tuwe wengi. Watu kumi au kumi na wawili tukienda pamoja tutaona mengi kuliko jozi moja ya macho, na pia kuna sehemu za majabali ambazo si salama kwenda peke yako.

Kabla sijasema siku, nieleze kwa nini nataka kikundi chenye utaratibu.

Miaka tisa iliyopita nilikwenda na nyundo na patasi ya marehemu babangu, aliyekuwa seremala, hadi kwenye jabali moja kusini ya mji. Nilikuwa nimeona kombe kubwa, upana wa viganja viwili, pande zake zote mbili zimefumbana, limekwama ndani ya mwamba vile vile lilivyokufa. Nilipiga patasi karibu saa nzima. Upande mmoja ukapasuka vipande vitatu vikaangukia majini. Uliobaki niliuleta nyumbani, nikauosha, nikauweka dirishani, na mpaka leo upo hapo.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, ana miaka minane, alilishika akaniuliza: "Mama mdogo, hili lilikuwa juu ya bahari au chini ya bahari?" Nikakosa jibu. Sikumbuki lilikuwa kimo gani kutoka majini. Sikumbuki kama lilisimama au lililala ubavu. Sikumbuki kando yake kulikuwa na matumbawe au mchanga ulioshikana. Sikupiga picha hata moja. Nina kombe zuri lisiloweza kuniambia chochote, na aliyelinyamazisha ni mimi.

Kwa hiyo matembezi ninayoyataka ni haya: daftari kwanza, picha, kipimo, halafu ndipo tuulizane kama kuna kitu cha kuchukua. Mara nyingi jibu litakuwa tukiache pale pale.

Anayetaka aandike hapa. Mwenye ujuzi wa mawe namwomba zaidi.

---

MamaZuhura

Waaleikum salaam dada. Mimi na wanangu wawili tumo, mmoja ana miaka 10 na mwengine 7. Mkubwa akirudi kutoka pwani mifuko ya sare yake imejaa changarawe, kila wiki navunja kucha kufua. Watoto wanaruhusiwa?

---

BintiSabaki

Wanaruhusiwa na wanatakiwa, MamaZuhura. Wao wako karibu na chini kuliko sisi. Sharti ni viatu vya mpira vilivyofunga kidole, malapa hayafai, mwamba unakata kama wembe.

---

Karani_Mtaa

Naomba kuuliza. Mchanga wa Mambrui unaometa kama dhahabu, mpaka watu wanaita ufukwe wa dhahabu. Kuna kitu pale cha maana? Nina chupa nzima nyumbani.

---

BintiSabaki

Kaka, mwaga kidogo kwenye karatasi nyeupe, kaa dirishani, tumia lenzi ya kukuzia. Mimi nilipofanya hivyo niliona vijibapa vyembamba kama magamba ya samaki, na kimoja nilikigawanya kwa ncha ya sindano kikatoka karatasi mbili. Huo ni ulanga (mica). Dhahabu ukiigonga hubonyea, haichaniki karatasi karatasi. Sabaki ndio huleta vitu hivi kutoka bara, maana mto huu ukiufuata juu unakuwa Galana, ukizidi kupanda unakuwa Athi, na njiani unapita kwenye miamba ya zamani sana ya Tsavo.

Ukienda huko tazama pia mchanga mweusi unaobaki kwa mistari baada ya wimbi kurudi. Chukua konzi moja, utaona ni mzito kuliko mweupe. Humo mna ilmenaiti, ile ile yenye titani iliyokuwa ikichimbwa Kwale hadi mwaka 2024. Wimbi hubeba chembe nyepesi, nzito zinabaki. Ni pepeto kama la mchele, ila bahari ndiyo inayopepeta.

---

MzeeWaMvinje

Binti, nimesoma habari ya kombe lako mara mbili. Nilifundisha jiografia katika shule za mkoa huu mpaka nikastaafu, na swali la huyo mtoto wa dada yako ndilo swali lenyewe. Ngoja nilijibu kwa urefu, mnivumilie.

Majabali yale ya Malindi na Watamu, yanayokatwa mawe ya kujengea nyumba zetu, yalikuwa mwamba hai wa bahari. Miaka 125,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko sasa, barafu nyingi ilikuwa imeyeyuka, na bahari ikasimama mita kadhaa juu ya ilipo leo, wataalamu wengi husema kati ya mita 6 na 9. Matumbawe yakajenga, makombe yakaishi katikati yake, mchanga ukajaza mianya. Kisha barafu ikarudi, bahari ikashuka, ule mwamba ukabaki nchi kavu ukinyeshewa mvua. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini mita 120 hivi kuliko leo. Hebu fikirini mtu aliyesimama palipo mnara wa Vasco da Gama siku hizo: maji angeyaona mbali, chini ya mteremko, na pale tunapovua leo kungekuwa na vichaka.

Sasa kombe lako. Kombe lenye pande mbili zilizofumbana, limesimama jinsi lilivyoishi, linatuambia kwamba maji yalikuwa juu yake siku lilipokufa. Ukipima kimo chake leo, umepata kipande cha habari ya bahari ya kale: ilifika angalau hapa. Lakini kombe la upande mmoja lililolala kifudifudi kwenye mchanga ulioshikana halisemi hivyo. Hilo huenda lilitupwa na wimbi la dhoruba, juu zaidi ya maji ya kila siku. Kitu kile kile, habari mbili tofauti, na kinachozitenganisha ni namna lilivyokaa tu. Ndiyo maana patasi yako iliharibu zaidi ya ule upande uliopasuka.

Tumbawe nalo ndio bora zaidi. Likiwa hai hunywa urani kidogo kutoka maji ya bahari, na urani ile polepole hugeuka elementi nyengine iitwayo thori. Wataalamu wakipima uwiano wa viwili hivyo wanapata umri. Kaboni, ambayo watu huitaja sana, haifiki huko, mwisho wake ni miaka 50,000 hivi. Lakini lazima tumbawe liwe halijageuka ndani. Ukivunja kipande kilichoanguka chenyewe ukaona punje zinazong'aa kama sukari, mvua imeshalibadilisha, saa yake imeharibika.

Na msidhani ni mambo ya kale tu. Hapa hapa Malindi, kwenye matumbawe makubwa ya mviringo yanayokua kama sentimita moja kwa mwaka, wanasayansi walitoboa wakapata pete za miaka, kama za mti. Tumbawe moja la miaka 300 hivi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007, lilikuwa limeweka kumbukumbu ya udongo wa Sabaki kwa kipimo cha bariamu, elementi inayoletwa na udongo wa mto. Miaka mingi udongo ulikuwa mdogo. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yalipofunguliwa bara, udongo ukapanda na haukushuka. Ule wekundu tunaouona baharini mvua za bara zikinyesha, tumbawe limekuwa likiuandika tangu kabla babu zetu hawajazaliwa.

Nimemaliza somo. La sheria nitaliandika baadaye, macho yamechoka.

---

BintiSabaki

Shikamoo mwalimu. Nimesoma nikiwa nimelishika hilo kombe. Ahsante sana, ingawa limeniuma.

---

KijanaWaShela

Salamu kutoka Lamu. Sisi huku tunayaona hayo mawe bila kushuka ufukweni. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya aina mbili, na babu alinifundisha kuyatofautisha kwa kidole. La kwanza ni jiwe la nchi kavu, hili hukatwa Manda, kule Maweni, ni zito na lina mashimo mashimo, ndilo la ukuta. La pili ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai. Hilo likiwa bichi ni laini, fundi hulichonga kwa kisu, likikauka linashika. Vidaka, mihirabu na fremu za milango zilichongwa kwa hilo.

Ukuta wa Ngome yetu, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 ikamalizika 1821, pale chokaa ilipobanduka unaona visukuku wazi wazi. Nyota ndogo ndogo za matumbawe, makome, vipande vya makombe. Watoto wanaegemea pale kila jioni. Mji wetu ulitiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu ya nyumba na watu wake, lakini mimi naona mawe yenyewe yana historia ndefu kuliko waliojenga.

Mkija Lamu nitawatembeza. Hakuna cha kuchukua, ni kutazama tu, na ni mchana mmoja mzima.

---

FundiTimbo

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Sasa na mimi niseme, na nawaomba msinichukulie vibaya.

Mimi ni mkata mawe. Timbo letu liko ndani kidogo kutoka barabara ya Mombasa. Mnasema mtu asitoe kombe moja kwenye jabali. Sawa. Lakini mimi tangu alfajiri hadi adhuhuri naendesha msumeno, na hakuna jiwe ninalolikata ambalo halina kombe, kome au tumbawe ndani. Yanakatwa katikati, yanapakiwa kwenye lori, yanapigwa plasta. Nyinyi mnaoishi nyumba za mawe mmezungukwa nayo. Hakuna aliyewahi kuja kuniuliza nimeona nini.

Na nimeona mengi. Jiwe likitoka msumenoni lina vumbi jeupe, huoni kitu. Lakini lilowe kidogo. Sisi tunamwaga maji kupunguza vumbi, na pale maji yanapopita, uso wa jiwe unafunguka: nyota, nyota, nyota, zimepangana kama sega la nyuki, kila moja ina miale yake. Ukiwa na jiwe kavu huwezi kuamini. Mara nyengine nazima mashine nasimama natazama mpaka bosi anaita.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuta kichwa cha tumbawe kikubwa kama pipa, kimekaa wima, na juu yake mchanga umelala kwa tabaka. Sikukikata. Nilikizunguka siku mbili nzima nikitoa mawe pembeni. Akaja mtu wa ofisi moja, sitaitaja, akapiga picha, akachukua kipande kikubwa, akaandika jina langu kwenye simu yake akaahidi kunijulisha ni kitu gani na cha miaka mingapi. Sijamsikia tena. Kilichobaki kilikatwa, kazi haikunisubiri.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko patasi ya dada yetu. Sisi tunaoyaona haya kila siku ndio wa mwisho kuambiwa ni nini. Leo mwalimu ameandika hapa habari ya miaka 125,000, na mimi nimekata mawe hayo nusu ya umri wangu, ni mara ya kwanza kuisikia.

---

BintiSabaki

Kaka Fundi, nimekusoma na sina cha kujitetea. Nimeishi ndani ya nyumba ya mawe hayo tangu kuzaliwa na sikuwahi kufikiria aliyeyakata.

Napendekeza mambo mawili, wenzangu mseme. Kwanza, daftari la kikundi liwe na jina la aliyekiona kitu, awe mtoto, mvuvi au mkata mawe, na chochote tutakachojua baadaye kirudi kwake. Pili, tuje timboni kwa ruhusa ya mwenye timbo, tutazame nyuso za mawe yaliyokatwa. Pale hatubomoi chochote, msumeno umeshakata, na mkato safi unaonyesha zaidi ya jabali lililoliwa na chumvi.

Nawe uje ufukweni nasi, tafadhali. Macho yako tunayahitaji.

---

FundiTimbo

Nitakuja. Nitamwomba bosi ruhusa ya timbo, ni mtu muungwana.

---

MzeeWaMvinje

Fundi, mwanangu, kichwa cha tumbawe kilichokaa wima na tabaka la mchanga juu yake: hapo mwamba ulikufa ukafunikwa. Wewe uliona mwisho wa mwamba kwa macho yako. Nakuahidi tukikutana nitakuchorea, na unieleze mchanga ule ulikuwa umelala bapa au kwa mshazari.

Sasa sheria, kwa ufupi, maana watu hukamatwa kwa kutojua.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na pia mabaki ya watu, wanyama au mimea ya umri huo au zaidi. Kuchimba kutafuta vitu hivyo kunataka leseni. Ukikikuta kwa bahati, unatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, ueleze mahali hasa. Kwa hiyo vile vigae vya bluu na nyeupe mnavyoviona upande wa Mambrui, ambako lile kaburi la mnara lilipambwa kwa vyombo vya Kichina, viacheni mchangani, pigeni picha, toeni taarifa.

Na ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, hamwokoti hata kome mtupu. Kome mtupu ni nyumba ya kaa.

---

Nahodha_Ngomeni

Wakubwa zangu, nisaidieni. Upande wetu wa Ngomeni, kwenye tuta la mchanga lililokauka likawa gumu, nimeona mifupa imejitokeza. Myembamba kama ya mkono, mirefu, mingine imegawanyika. Mzee mmoja kijijini amesema ni kaburi la zamani, watu wakaogopa kupita. Sikugusa. Nimepiga picha tu.

---

MzeeWaMvinje

Umefanya vizuri kutogusa. Nimetazama picha zako zote. Angalia ile ya tatu: kile unachokiita mfupa kina tundu katikati kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kinagawanyika matawi na kila tawi linakonda kuelekea chini. Mfupa wa mkono haugawanyiki matawi. Hiyo ni mizizi. Mti uliota juu ya tuta zamani, chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ya mvua ikauzunguka mzizi ikaganda, mzizi ukaoza, ukabaki mrija.

Kuhakikisha, okota kipande kilichoanguka chenyewe, kisage kidogo, udondoshee ndimu au siki. Kikichemka povu, ni chokaa. Mfupa hauchemki hivyo. Lakini ikionekana ni mifupa ya watu kweli, basi usipime chochote, arifu.

---

Nahodha_Ngomeni

Nimerudi na ndimu mbili na yule mzee mwenyewe. Imechemka mbele yake, akainama kusikiliza ile sauti ya povu. Amekubali ni mizizi, ila amesema bado ni mahali pa kuheshimiwa kwa kuwa miti hiyo ni ya zamani kuliko kijiji. Sikubishana naye, na kwa kweli nakubaliana naye.

---

BintiSabaki

Basi siku ni hii. Jumamosi inayofuata mwezi kumi na tano, yaani mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Siku hizo maji yetu hupwa mwendo wa saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu, kwa hiyo sehemu ya chini ya jabali itakuwa wazi. Tukutane saa mbili chini ya mivinje. Tunashuka maji yakitoka, na ikifika saa tano tunarudi, hata kama mtu ameona kitu kizuri namna gani. Maji ya bamvua yakigeuka hayangoji, na kule chini ya jabali kuna sehemu hakuna ngazi.

Hakuna kukaa chini ya jabali lililoliwa kwa ndani. Mmeona vile vijisiwa vya Watamu vilivyo kama uyoga? Jabali la nchi kavu nalo huliwa vivyo hivyo, na siku moja kichwa huanguka. Kome mwenye umbo la koni, akiwa hai, msimshike, sumu yake inaua. Kila mtu maji yake ya kunywa na kofia. Nyundo na patasi zibaki nyumbani.

---

BintiSabaki

Wapendwa, tumerudi. Tulikuwa 12. Nilisema nitaandika jioni ile ile ila nilihitaji siku mbili kutulia.

Mtoto mdogo wa MamaZuhura ndiye aliyeanza. Kwenye mstari wa mwani alikuta jiwe la kijivu, jepesi, lina vitundu kama mkate wa mofa. Akalitupa kwenye dimbwi likaelea. Watu wazima watatu walipiga kelele pamoja. Ni jiwe la volkano, povu la lava lililoganda. Pwani yetu haina volkano, kwa hiyo limekuja kwa bahari. Mwalimu aliwasimulia watoto habari ya Krakatoa, volkano ya Indonesia iliyolipuka mwaka 1883, mawe yake yakavuka Bahari ya Hindi yakielea mpaka pwani ya Afrika. Hili letu hatujui lilikotoka, ila mtoto alilala nalo mkononi kwenye gari. Hilo tulimruhusu.

Jabalini tulijipanga kila mtu hatua mbili kutoka kwa mwenzake, tukatembea polepole. Kama dakika ishirini hakuna aliyesema. Kisha Zuhura, yule wa miaka 10, akaita, "Mwalimu, hili limefunga mdomo." Lilikuwa kombe, pande zote mbili, limesimama ndani ya mwamba, na kushoto kwake tumbawe la nyota zilizopangana. Fundi akamwaga maji ya chupa yake juu yake na yote yakatokeza.

Na hapa ndipo Fundi alipotushangaza. Sote tulikuwa na tepu ya kupimia lakini hatukujua tuanzie wapi. Yeye alitoa mkobani mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule wa kupimia usawa wa msingi, akaujaza maji, mimi nikashika ncha moja kwenye alama ya maji ya juu, pale mwani unapokoma, yeye akapanda na ncha nyengine. Maji yalipotulia pande zote mbili akapiga alama kwa chaki, akapima kwenda juu. Mita 2 na sentimita 40. Akapima mara ya pili ikawa sentimita 41. Zuhura akaandika zote mbili, na chini yake jina lake, na jina la Fundi kama mpimaji. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaniambia miaka yote ya kufundisha hakuwahi kupata kipimo kizuri hivyo kwa watoto.

Kombe la Zuhura liko pale pale. Picha kumi na nne, na kalamu imewekwa kando kuonyesha ukubwa. Nakala inakwenda makumbusho wiki hii.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nilimwambia Fundi nataka kwenda mbele kidogo, kama ana dakika kumi. Alinifuata bila kuuliza. Nilikuwa sina hakika nitapakumbuka, lakini miguu ilijua. Kuna kona, halafu ufa mpana unaopita mtu, halafu ukuta. Shimo lilikuwepo. Ndani limeota ukijani, kingo zimeanza kulainika, lakini kwenye upande wa juu mikwaruzo ya patasi ya baba bado inaonekana, mitano, sambamba. Na kando ya shimo, mwambani, umebaki ukingo mwembamba wa ule upande uliopasuka, umesimama wima. Chini yake tumbawe. Kwa hiyo lilikuwa limesimama, lilikuwa hai pale.

Fundi akajaza tena mpira wake maji. Hakusema neno lolote kuhusu mikwaruzo. Mita 2 na sentimita 15.

Jana jioni nilimpigia mtoto wa dada yangu nikamwambia: lilikuwa chini ya bahari, na bahari ilikuwa juu ya kichwa cha mama mdogo akisimama pale. Akauliza kama samaki walikuwa wanapita juu. Nikamwambia ndiyo.

Nimeandika kipimo kwenye karatasi, nimeifunga pamoja na kombe ndani ya kitambaa. Jumatatu nalipeleka makumbusho, nitaeleza kila kitu, pamoja na nani alilitoa na kwa chombo gani.

---

FundiTimbo

Bosi amekubali. Jumamosi ijayo timbo halina kazi, njooni asubuhi kabla jua halijawa kali. Kuna safu nzima ya mawe yaliyokatwa juzi bado hayajapakiwa. Mwalimu, nimekumbuka: mchanga ule ulikuwa umelala kwa mshazari, ukielekea bara. Leteni madumu ya maji, hapa bomba letu linatoka kidogo, na mawe ni mengi ya kulowesha.